Gari inamisi: namna ya kuikamata nozeli mbovu kabla hujanunua kifaa chochote

Mwezi wa nane, vumbi la Tabora likiwa limeshapanda hadi kwenye majani ya miembe, mwalimu mmoja mstaafu aliingiza IST yake kwenye kijiwe chetu cha Ng'ambo. Gari imesimama, injini inawaka, na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na chupa ya maji iliyobaki nusu. Maji yale yalikuwa yanacheza. Sikuhitaji kuuliza gari ina nini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Nimetoka nayo Urambo, njia nzima inakohoa. Plagi zote nne mpya, koili mbili mpya, ea klina mpya. Bado inamisi."

Akafungua buti akanionyesha mfuko wa rambo wenye vifaa vya zamani alivyotolewa. Huko alikopita hakuna aliyejua ni silinda ipi inayomisi. Walikuwa wanabadilisha tu, wakitumaini.

Nitakayoyaeleza hapa ndiyo tuliyoyafanya siku ile. Kanuni ni moja: itafute silinda kwanza, kisha hamisha kifaa kutoka silinda hiyo kwenda nyingine, uone kama ugonjwa unahama nacho. Ukihama, umemkamata mkosaji. Usipohama, kifaa hicho hakina kosa, kirudishe kilikotoka. Nozeli, kile kifaa kinachonyunyiza petroli kwenye injini, inaingia kwenye mtihani huohuo, ila inafika zamu yake baada ya plagi na koili, kwa sababu kuitoa kuna kazi na kuna petroli.

Misi ni nini hasa

Silinda inataka vitu vinne: hewa, mafuta, moto wa plagi unaozalishwa na koili, na mgandamizo. Kimoja kikikosekana au kikija pungufu, pistoni inapanda na kushuka bila kusukuma, na hiyo ndiyo misi. Injini ikiwa sailensi, yaani umeiwasha na hujakanyaga mafuta, inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda inapata zamu ya kulipuka mara 350, karibu mara sita kila sekunde. Katika kila zamu nozeli inafunguka kwa sehemu mbili au tatu tu za elfu moja ya sekunde, inanyunyiza, inafunga. Ukilifikiria hilo utaelewa kwa nini uchafu kidogo kama vumbi la kutu unatosha kuharibu mambo.

Nozeli huharibika kwa namna tatu. Inaweza kuziba, mafuta yakatoka machache. Inaweza kuvuja, ikadondosha hata inapotakiwa kufunga. Au inakufa kwa umeme: koili yake ya ndani imekatika, au waya unaoiletea amri umekatika. Kila namna ina dalili zake.

Iliyoziba hutikisa gari ikiwa sailensi, na mara nyingi inazidi ukipanda mlima au ukipakia mizigo, kwa sababu injini inaomba mafuta mengi na silinda moja haipati. Inayovuja hujitambulisha kwa harufu ya petroli kwenye ekzosi, moshi mweusi, na tabia ya kusumbua kuwaka ukiizima ikiwa ya moto na kurudi baada ya dakika kumi au ishirini. Ya umeme huja na kuondoka: asubuhi gari ni nzima, mchana injini ikipata joto silinda inakufa ghafla, jioni inarudi. Hiyo ya tatu ndiyo inayofanya mafundi waonekane waongo, maana gari ikifika gereji inakuwa nzima.

Ikimisi zaidi siku ya mvua au baada ya kuoshwa, anza na koili na mipira yake. Ikitetemeka sailensi tu, ukikanyaga inatulia kabisa, shuku hewa inayopenya kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, au mpira wa vakyumu uliopasuka.

Kabla hujagusa kitu

Petroli haina mzaha. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa, na uwe na mtungi wa kuzimia moto au angalau ndoo ya mchanga mkavu. Kijiwe chetu kina mama lishe hatua chache tu kutoka tunapofungulia magari. Siku ya kutoa nozeli namwambia mapema, naye anahamishia jiko lake la mkaa upande wa pili wa ukuta. Ananuna, lakini anahama.

Halafu tazama kifuniko cha juu cha injini. Ukikuta maandishi D-4, kama kwenye baadhi ya Noah, Voxy na Premio, ishia hatua ya nne. Injini hizo zinanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na prisha yake inaweza kuvuka baa 100 wakati injini za kawaida zina baa tatu hivi. Mafuta ya prisha hiyo yanapenya ngozi. Waachie wenye vifaa. Magari ya dizeli nayo yana taratibu zake, siyazungumzii hapa.

Hatua ya kwanza: isome, ila usiiamini yote

Kama taa ya cheki injini inawaka, chomeka kifaa cha kusomea kodi, yaani namba za hitilafu, chini ya dashibodi. Kodi hizi si za TRA, usiogope. P0300 ina maana misi inaruka huku na huku, haina silinda maalumu. P0301 hadi P0304 zinataja silinda: 0303 ni silinda ya tatu. P0201 hadi P0204 zinahusu njia ya umeme ya nozeli yenyewe. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, P0172 inasema mafuta yamezidi.

Watu wengi wanakosea hapa. Kodi ya 0303 haijasema nozeli, wala haijasema koili. Imesema tu kwamba silinda ya tatu haifanyi kazi yake. Na magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo kifaa cha bei rahisi kinaweza kugoma kabisa kuongea nayo, au kikaongea nusu. Taa isipowaka haimaanishi hakuna misi. IST ya mwalimu ilikuwa inacheza ngoma na taa imezima.

Hatua ya pili: tafuta silinda iliyolala

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, haina gharama hata shilingi. Chukua chupa ndogo ya maji, iweke mahali palipotulia juu ya injini. Mtikisiko wa maji utakuambia zaidi kuliko sikio lako, hasa kama umefanya kazi karibu na mashine ya kusaga kwa miaka mingi kama mimi.

Zima injini. Chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Kwenye Toyota nyingi silinda ya kwanza iko upande wa mikanda. Washa, uangalie maji na usikilize mngurumo kwa sekunde mbili au tatu za mwanzo. Kwa nini za mwanzo? Kwa sababu kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikihisi injini inazama, inaongeza hewa kuiokoa, na tofauti inafichika. Zima, rudisha soketi, nenda ya pili. Fanya hivyo hadi ya nne.

Silinda nzima ukiinyima mafuta injini inazidi kutikisika, wakati mwingine inazima kabisa. Silinda iliyolala haina habari: uchomoe, uchomeke, hali ni ileile. Kwa mwalimu, ya kwanza, ya pili na ya nne zilipiga kelele. Ya tatu tulipoichomoa maji ya kwenye chupa hayakubadilika hata kidogo.

Wengine hufanya jaribio hili kwa kuchomoa koili, injini ikiwa inanguruma. Mimi siipendi njia hiyo. Kwanza unaweza kupigwa shoti. Pili, ukizima moto wa plagi huku nozeli inaendelea kunyunyiza, petroli mbichi inakwenda moja kwa moja kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuungulia humo. Hapa Tabora tunapenda masega, ila haya ya gari yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi na bei yake si ya asali. Kwa sababu hiyohiyo, gari inayomisi sana usiendeshe nayo safari ndefu ukisema utaitazama ukifika.

Boksi la ea klina likiwa limefunika soketi, lifungue, chomoa unachotaka, lirudishe ndipo uwashe. Na hakikisha soketi ya sensa ya hewa imerudi mahali pake, la sivyo utapata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hatua ya tatu: hamisha koili, kisha plagi

Sasa unajua silinda. Chukua koili ya silinda ya tatu uipeleke ya kwanza, ya kwanza uilete ya tatu. Washa, rudia jaribio la soketi. Misi ikihamia silinda ya kwanza, tatizo ni koili, kazi imeisha. Ikibaki ya tatu, fanya vivyo hivyo kwa plagi.

Ukiwa na plagi mkononi isome vizuri, ndiyo barua ya silinda. Rangi ya udongo mwepesi au kijivu ni afya. Nyeupe iliyoparara kuliko wenzake: mafuta yanafika machache, shuku nozeli iliyoziba. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta yamezidi, huenda nozeli inavuja. Imelowa petroli: ama moto haupo, ama nozeli imeachia. Imelowa oili: hilo si suala la nozeli, ni la ringi au sili za vali, na dawa yake ni nyingine. Chungulia pia kwenye shimo la plagi. Kama lina oili iliyovuja kutoka kwenye gasketi ya kava ya vali, koili zako zitaendelea kufa hata ukinunua mpya kila mwezi.

Plagi ya tatu ya mwalimu ilikuwa mpya kama wenzake, lakini wakati zile tatu zimeanza kupata rangi ya udongo, yenyewe ilikuwa nyeupe kama kaolini.

Hatua ya nne: mgandamizo na hewa, upesi

Usiruke hapa hata kama moyo umeshahukumu nozeli. Ukiwa na geji ya kompresheni, fungua plagi zote, zima mafuta kwa kutoa fyuzi au rilei ya pampu, chomoa soketi za koili, mtu akanyage mafuta hadi chini, piga stata mizunguko michache kwa kila silinda. Unachotafuta ni usawa: silinda zisipishane zaidi ya baa moja hivi. Silinda iliyolala ikiwa chini sana kuliko wenzake, achana na nozeli, una kazi ya vali au ringi au gasketi ya silinda hedi.

Kwa hewa inayopenya, puliza maji kwa chupa ya kupigia pasi kando ya maungio ya manifoldi, injini ikiwa sailensi. Mahali penye upenyo pakilowa, mngurumo unabadilika kwa muda. Watu hutumia dawa ya kabureta kwa jaribio hili, nami nimeshaona boneti ikiungua rangi kwa sababu hiyo. Maji yanatosha.

Hatua ya tano: isikilize nozeli

Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse mwili wa nozeli, mpini uubane kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Angalia feni na mikanda, funga nguo yako vizuri. Nozeli inayofanya kazi inapiga tik-tik-tik kavu, yenye mpangilio. Zipitie zote nne. Unalinganisha, hutafuti sauti fulani ya ajabu.

Kimya kabisa ina maana ama nozeli imekufa kwa umeme, ama amri haifiki. Mlio mzito, kama mtu anabisha mlango kwa kitambaa mkononi, mara nyingi ni sindano ya ndani inayokwama kwa uchafu. Mlio mzuri unaofanana na wenzake unathibitisha kwamba umeme ni mzima, lakini hauthibitishi kwamba mafuta yanatoka. Nozeli iliyoziba mdomo inaweza kupiga tik nzuri kabisa.

Hatua ya sita: mita na waya

Zima swichi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za nozeli. Nozeli nyingi za petroli za magari tunayotumia zinasoma kati ya omu 12 na 16 zikiwa baridi. Zaidi ya namba yenyewe, tazama kama nne zinafanana. Tatu zikisoma 14 na moja ikasoma 9, au mita isiposoma chochote, umepata jibu. Kama ugonjwa wako ni ule wa kuja na kuondoka, pima tena injini ikiwa ya moto, mara tu misi inapotokea. Nozeli nyingi zenye koili dhaifu ni nzima asubuhi.

Kisha upande wa soketi. Nozeli ina waya mbili. Mmoja unaleta umeme wa moto muda wote swichi ikiwa imefunguliwa. Mwingine unakwenda kontroboksi, nayo ndiyo inayoushusha hadi hasi kila inapotaka nozeli ifunguke. Kwa hiyo fungua swichi bila kupiga stata, weka mita kwenye volti, waya mmoja wa mita kwenye bodi, mwingine kwenye kila pini ya soketi. Pini moja lazima itoe volti karibu sawa na za betri. Isipotoa, fuata fyuzi na waya.

Kuhakikisha amri inafika, chomeka kwenye soketi, badala ya nozeli, taa ndogo ya kujaribia nozeli au balbu ndogo kabisa ya dashibodi, mtu apige stata. Inapaswa kuwaka na kuzima haraka haraka. Usiweke balbu kubwa ya indiketa wala ya breki, itavuta umeme mwingi kuliko kontroboksi ilivyozoea, na kuchoma kontroboksi ni kilio kingine.

Nasisitiza jaribio hili kwa sababu liliwahi kuniumbua. Miaka ya nyuma niliwahi kutengeneza Noah ya zamani ya ndugu mmoja wa Isevya. Nozeli ya nne kimya. Nikajifanya mjuzi, nikamwambia nozeli imekufa. Akaagiza Dar, ikaja na basi, nikafunga, ikawa kimya vilevile. Ndipo nikafuata waya. Nyuma ya injini, chini ya kitambaa cha kuzuia joto, panya alikuwa ameutafuna waya hadi shaba, kiota chake kikiwa palepale na maganda ya karanga juu. Msimu wa mavuno magari yanayolala karibu na ghala yanapata wageni wa namna hii. Tuliunga waya, tukarudisha nozeli ya zamani, gari ikanguruma vizuri. Nusu ya gharama ile niliibeba mwenyewe.

Hatua ya saba: prisha ya mafuta

Kama silinda moja tu ndiyo inayomisi, pampu si ya kushukiwa sana, kwa maana nozeli zote zinakunywa kutoka reli moja, yaani bomba linalozigawia mafuta. Lakini misi ikiwa ya kuruka huku na huku, gari ikikosa nguvu, P0171 ikiwaka, weka geji kwenye njia ya mafuta. Injini za IST nyingi, yaani 1NZ na 2NZ, zinataka karibu baa 3 hadi 3.5. Ukizima, subiri dakika tano: inapaswa kubaki angalau baa moja na nusu. Ikishuka hadi sifuri, ama vali ya pampu haizuii mafuta kurudi, ama kuna nozeli inayodondosha. Ya kwanza inafanya gari ichelewe kuwaka, ya pili inaichelewesha na kuongeza harufu ya petroli.

Hatua ya nane: itoe, uihamishe

Sasa mkosaji amebaki mmoja. Ondoa prisha kwanza: toa fyuzi au soketi ya pampu, acha injini iwake hadi ijizime yenyewe, piga stata mara moja tena. Fungua terminali ya hasi ya betri. Puliza vumbi lote kuzunguka nozeli kabla hujafungua reli. Kwa vumbi letu la kiangazi hili si la hiari, maana mchanga unaoanguka kwenye tundu unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Zungushia kitambaa chini ya maungio, fungua taratibu, mafuta kidogo yatamwagika.

Weka alama kwenye kila nozeli kwa namba. Chungulia juu, kwenye mdomo wa kuingizia mafuta: kuna kichujio kidogo sana. Cha nozeli ya tatu ya mwalimu kilikuwa kimejaa unga wa rangi ya matofali. Nilipokigonga kwenye karatasi nyeupe, ukatoka mstari mwekundu wa kutu.

Hata hapo sikutangaza ushindi. Nilihamisha ya tatu kwenda ya kwanza na ya kwanza kuja ya tatu, zikiwa na o-ringi mpya zilizopakwa oili safi ya injini. Usitumie grisi, wala usirudishe o-ringi za zamani zilizokakamaa: zikipasuka, juu utavujisha petroli na chini utavuta hewa. Sukuma nozeli kwa mkono huku ukizungusha kidogo, isiingie kwa kupigwa. Funga reli, rudisha kila kitu, fungua swichi bila kuwasha, pampu ijaze, kisha pitisha kidole kwenye kila ungio ukitafuta unyevu. Ukavu ukithibitika, ndipo uwashe.

Silinda ya tatu ikaamka. Ya kwanza ikalala. Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye tairi akinywa chai, akasema, "Kwa hiyo ni huyo." Alishaelewa kila kitu.

Wapo wanaoinua reli yote na nozeli zake, kila moja ndani ya chupa, kisha wanapiga stata kuona ipi inatoa kidogo. Inaonyesha kweli, lakini kwenye magari mengi nozeli hazijafungwa kwenye reli, zimechomekwa tu, na prisha ikija zinaruka huku petroli inasambaa juu ya injini. Kama huna namna ya kuzifunga kwa waya imara na kuzima kabisa moto wa plagi, acha.

Kuosha au kununua

Nozeli iliyokatika umeme haioshwi, hiyo ni ya kutupa. Iliyoziba inaoshwa. Kama mji ulipo kuna mwenye mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti na kupima, mpe zote nne, akuonyeshe kiasi zinachotoa kabla na baada. Usilipie kuoshwa bila kuonyeshwa vipimo.

Pasipo na mashine, unaunga kipande cha mpira kwenye mdomo wa nozeli, unachomeka kopo la dawa ya kusafishia nozeli au kabureta, unabana kwa klipu. Betri ndogo ya volti 9 unaigusisha kwenye pini kwa vipindi vifupi, kama nusu sekunde, gusa, achia, gusa, achia. Usiishikilie, koili inaungua. Vaa miwani. Elekeza mdomo kwenye chupa ya kioo na utazame namna inavyotoa. Inayotakiwa ni ukungu uliotawanyika kama koni. Ikitoa mstari mmoja kama mkojo wa mtoto, endelea. Ikishatoa ukungu, acha kugusa pini huku dawa bado inasukuma: isidondoshe hata tone. Inayodondosha baada ya kuoshwa mara mbili tatu, nunua nyingine, na uhakikishe namba zilizoandikwa mwilini zinalingana na za wenzake.

Mambo mawili usiyafanye: usichokonoe tundu kwa sindano, na usiiloweke nzima kwenye thina. La kwanza linapanua tundu milele, la pili linaua sili za ndani. Kuhusu dawa za kumimina kwenye tangi, zinasaidia uchafu mwepesi kwenye nozeli ambazo bado zinafanya kazi. Nozeli iliyokwishalala hazijawahi kuifufua mbele yangu.

Kutu ilitoka wapi

Nilimuuliza mwalimu mafuta ananunua wapi. Mjini anajaza kituoni, ila akienda shambani ndani huko anaongeza kwa muuzaji wa madumu, na dumu lenyewe ni la bati. Hapo ndipo ule unga wa rangi ya matofali ulipotoka. Mafuta ya vituoni yanawekewa vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, tangu mwaka 2010, mpango ulioanzishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuzuia uchakachuaji, lakini dumu la pembeni mwa njia halina wa kulipima isipokuwa wewe.

Kulipima si kazi. Chota petroli kwenye chupa ya kioo inayoonyesha, iache itulie robo saa. Maji yatakaa chini yakiwa na mstari unaoonekana, kutu na mchanga vitalala chini yake. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi inaruka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Ikichanganywa na mafuta ya taa, inaacha doa la mafuta lisilotaka kuondoka. Ukilazimika kununua hata hivyo, chuja kwa kitambaa safi kizito. Na kwa anayesafiri kutoka hapa kwenda Kigoma kupitia Kaliua na Uvinza, jaza tangi Tabora, usisubiri taa ya mafuta iwake porini. Tangi likikaribia kukauka pampu inakosa mafuta ya kuipoza na inafyonza kila kilicholala chini.

Kwa hali ya mwalimu tuliosha zote nne, maana zilikunywa dumu lilelile. Tulifungua kava chini ya kiti cha nyuma, tukatoa pampu, tukakuta filta yake nyekundu pia, ikabadilishwa. Tukachomoa kijiti cha kupimia oili, tukakinusa. Nozeli inayovuja inashusha petroli kwenye oili na kuifanya nyepesi, lazima imwagwe. Ya kwake ilinuka oili tu, tukaiacha.

Mwisho nikamwomba ule mfuko wa rambo. Zile koili mbili alizoambiwa zimekufa nilizifunga moja baada ya nyingine kwenye silinda ya pili, injini ikanguruma, maji ya kwenye chupa yametulia tuli. Nzima zote. Mwalimu akazifunga tena kwenye mfuko, akazisokomeza chini ya tairi la spea, akasema jina la aliyemuuzia mpya, kisha akawasha gari kurudi Urambo kabla jua halijazama.